Mizunguko Mitatu ya Waya

Watu wa hapa wakimtaja kaka yangu wanaanza na ngumi zake. Mimi nitaanza na tairi, kwa sababu ndizo alizozipenda, na asiyetaka habari za tairi aende zake.

Kaka ni fundi baiskeli. Mtaani wanamwita Spoki, kwa wembamba wake. Mimi ni mdogo wake wa kike, nilikuwa nafanya kazi naye kwenye kibanda cha mabati karibu na daraja la mfereji. Yeye ndiye aliyenipa jina la Mashoto. Kukaza nati, kuziba pancha, kumzaba mtu kofi, yote nafanya kwa mkono wa kushoto. "Mashoto, hata ulimi wako uko kushoto," alikuwa ananitania kila nikimtukana mteja.

Hasira tulizaliwa nazo sote wawili. Zangu zilitokea mdomoni, zake mikononi. Siku moja mteja alimwita mwizi mbele za watu. Kaka akachukua pampu ya chuma, akampiga nayo mpaka sikio moja la yule bwana likafa kabisa. Nilikuwepo, damu ilinirukia kwenye kanga. Alikaa ndani miaka mitatu, na hakimu alimwambia wazi: "Nikikuona tena hapa kwa kumwaga damu ya mtu, utazeekea gerezani."

Alipotoka, Mama alimpigisha magoti sebuleni. "Weka mkono wako kichwani kwangu uniapie." Kaka akaapa kwamba hatainua mkono juu ya mtu tena mpaka afe. Mama akasema, "Ukikivunja kiapo hiki, mimi si mama yako. Hata kunizika usije." Na Mama akisema kitu, kimesemwa.

Sasa mtu mwenye hasira asipopiga, lazima afanye kitu. Kaka akaendesha baiskeli. Alitafuta tairi nene zenye meno, akazijaza upepo kidogo tu ili zishike kokoto, akaifuata njia ya ukingo wa mfereji mpaka lango la maji, akazunguka mabwawa manne ya samaki, akateremka bonde la mto na kurudi kwa upande wa pili. Kilomita thelathini na nane. Alirudi amejaa vumbi mpaka kwenye kope, anacheka peke yake. "Mashoto, huko mtu anapumua!"

Baadaye watu wakaanza kumfuata kila Jumamosi asubuhi: nesi wa zahanati, mwalimu wa hesabu, fundi viatu mmoja mnene tuliyemwita Kilo Mia, ambaye kwenye kila mlima alishuka na kuisukuma baiskeli huku akimlaani aliyeibuni. Kaka akakata vibao vya bati, akavichora mishale, nikamsaidia kuvifunga kwenye miti. Alikuwa na namna yake ya kufunga waya: mizunguko mitatu, halafu mkia unakunjwa kwa ndani usimchome mtu. Alinifundisha. Ila yangu ilizunguka kinyume, kwa sababu ya mkono wangu. "Waya zako zinaelekea msibani," alinicheka, lakini aliziacha.

Mabwawa yale yalikuwa na mwenyewe. Tulimwita Bwana Kambale, kwa masharubu. Ukingo ni wa umma, ofisi ya maji ilishamwambia mara mbili, kwa barua. Hakusikia. Kwanza alifungulia mbwa, wakamng'ata nesi paja mpaka nyama ikaonekana. Halafu akamwaga misumari, tukaziba pancha kumi na moja kwa siku moja. Halafu akaweka mlinzi mwenye rungu.

Niliona kwa macho yangu mlinzi yule akimpiga kaka mgongoni. Rungu la kwanza, la pili, la tatu. Kaka alishika usukani kwa mikono yote miwili, vidole vikawa vyeupe, akainamisha kichwa. Mimi ndiye niliyeokota jiwe. Akaniambia bila kugeuka, "Weka chini, Mashoto. Nimeapa."

"Wewe umeapa, mimi sijaapa!"

"Weka chini."

Nikaliweka. Usiku ule nilimkanda mgongo kwa maji ya moto, nikimtukana mlinzi yule mpaka maji yakapoa.

Jumamosi iliyofuata Kambale akatega waya. Aliutega kutoka mti mpaka mti, kwenye kona ya bwawa la tatu, usawa wa shingo. Kaka alikuwa mbele. Nilimwona akinyanyuliwa kutoka kwenye kiti, baiskeli ikaenda zake peke yake mpaka majini. Alianguka chali. Shingo ilikuwa imefunguka kutoka chini ya sikio moja kuelekea la pili, na kila akijaribu kusema damu inatoka na mapovu. Nesi alijitupa juu yake akaibana kwa mtandio wake. Kilo Mia, mtu mzima yule, alikaa kwenye kokoto akalia kwa sauti. Kaka alipona kwa sababu pale ni mlima na alikuwa mwendo wa pole, vinginevyo tungezika.

Sauti yake haikurudi, ulibaki mnong'ono tu. Kule hospitali aliomba karatasi akaniandikia: USIFANYE KITU. Ananijua.

Polisi walisema hakuna shahidi aliyeona nani alitega. Haya! Watu tisa tumemwona mtu akichinjwa, hakuna shahidi. Nilirudi kibandani nikakaa mbele ya koili la waya wetu wa vibao, na sikufikiri sana. Nataka mnielewe hapo. Sitaki kusingizia shetani wala usingizi. Nilitaka Kambale aumie, na nilitaka iwe kwa waya.

Alfajiri ya Jumanne ya wiki ya pili niliufunga kwenye nguzo mbili za lango lake mwenyewe. Kila siku saa kumi na mbili na nusu alikuja na pikipiki, akiteremka kwa kasi. Nilikaa kwenye matete nikasubiri. Alikuja. Waya ulimkamata usoni, ukamtupa nyuma, kichwa kikagonga zege la mlango wa bwawa. Taya likavunjika, jicho likamwagika. Alilia kwa sauti ambayo sikuijua kama ni ya mtu. Na mimi nilifurahi. Kwa pumzi tatu hivi nilifurahi kweli, halafu nikatapika kwenye matete na kukimbia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, walisema wakubwa, na mimi niliusikia utamu wake mpaka kooni.

Saa sita mchana polisi wakafika kibandani, wawili, mmoja ameshika kipande cha waya chenye fundo. Kaka alikuwa ametoka hospitali siku moja tu, bandeji shingoni, anaweka mnyororo.

"Unaijua kazi hii?"

Kaka akaupokea. Akaugeuza kwenye mwanga. Mizunguko mitatu, mkia umekunjwa ndani, na inazunguka kinyume. Polisi hawakuona chochote hapo isipokuwa waya wa Spoki. Kaka akaitazama mikono yangu. Hakunitazama usoni hata kidogo.

"Naijua," akanong'ona. "Ni mimi."

Nikafungua mdomo. Akanikanyaga mguu kwa nguvu zake zote, na mimi, mwenye mdomo mtaa mzima unaouogopa, nikanyamaza. Niliogopa. Hakuna neno lingine la kuliita.

Hakimu alikuwa yule yule. Miaka kumi na miwili. Mama alisimama katikati ya watu mahakamani akamtemea mate kifuani. "Kiapo cha kichwa changu!" Alitoka bila kugeuka, na tangu hapo jina la kaka halitajwi nyumbani kwetu.

Mimi huenda kumwona kila mwezi. Anauliza mambo mawili. "Njia iko wazi?"

"Iko wazi, kaka." Na ni kweli, tangu siku ile hakuna mlinzi wala mbwa. Jumamosi waendeshaji wananipiga mgongoni, "Kaka yako mwanaume kweli!" Nami nacheka nao.

"Mama?"

"Hajambo."

"Usimwambie. Ana presha. Mmoja ndani anatosha." Huwa naitikia kwa kichwa, kana kwamba aliyebebeshwa mzigo mgumu ni mimi.

Mwaka na miezi minne nimeishi hivyo. Leo asubuhi Mama alitoa sanduku la nguo za kaka uani, akaniambia nizichome moto. "Zinanichafulia nyumba." Juu kabisa lilikuwepo shati la Jumamosi ile, kola imekauka damu. Nilishika kiberiti. Mama alisimama mlangoni akasema, wala si kwa hasira, kwa uchovu tu, "Tumbo hili lilizaa mnyama."

"Lilizaa kweli, Mama," nikasema. "Lakini siye huyo."

Kisha nikamweleza. Koili, nguzo, matete, saa kumi na mbili na nusu. Nikachukua kipande cha waya kilichofunga mlango wa banda la kuku, kazi yangu mwenyewe, nikamwonyesha unavyozunguka. Alikifuata kwa kidole, mzunguko kwa mzunguko. Mahakamani waya wa lango la Kambale walikuwa wameuinua juu watu wote wauone.

Alinipiga kofi moja. Hajawahi kunipiga tangu nizaliwe, makofi yote ya nyumba ile aliyapata kaka. Nilianguka juu ya sanduku. Nikangoja la pili, nikalitaka kabisa, lakini Mama alishainama, analikung'uta lile shati, analikunja vizuri mikono kwa ndani. Akaliweka kwapani, akajitanda mtandio wake wa kutokea.

"Vaa viatu," akasema. "Twende kwa mwanangu."