Aliyejibu Handakini

Mpiga pasi alilijua joto kwa kazi, si kwa kusimuliwa. Kwa miaka sita ughaibuni alikuwa amesimama mbele ya rola kubwa ya kupigia pasi mashuka ya hoteli, mashine ndefu kama kitanda cha watu wanne, inayomeza shuka bichi upande huu na kulitema upande wa pili likiwa kavu, limenyooka. Aliyeilisha ni wifi yake, mke wa kaka yake. Aliyepokea ni yeye. Katikati yao palijaa mvuke mzito, hata siku nyingine waliachana asubuhi mlangoni wasionane tena mpaka saa ya chai.

Ndiyo maana waliitana. Kila yakipita mashuka kumi, mmoja alipaza sauti, "Upo?" na mwenzake akajibu, "Nipo!" Asiyejibu, zima mashine ukamtoe. Ndivyo walivyofundishwa siku ya kwanza, pamoja na jambo jingine: ukisikia baridi mbele ya pasi, usiulize imetoka wapi. Toka mbio. Mwili uliozidiwa na joto huanza kukudanganya.

Mtindo huo uliwafuata mpaka nyumbani. Wifi yake akiwa bafuni, utasikia jikoni, "Upo?"

"Nipo, naoga! Hata sabuni haijanishika, mshaanza kunitafuta!"

Kaka mtu alicheka mpaka akashika ukuta.

Kisha kikaja kile kiangazi. Siku iliyokuwa ya moto kuliko zote, mpiga pasi aliita mara tatu, na mara tatu akajibiwa "Nipo", sauti ileile, safi, haina hata dalili ya kuchoka. Mashuka yalikuwa yamesita kuja. Akadhani moja limejikunja na mwenzake analinyoosha. Alipochoka kusubiri akazunguka rola, akamkuta wifi yake chini sakafuni, shavu juu ya rundo la mataulo, kama mtu aliyejipumzisha. Daktari alisema alikuwa amepoteza fahamu kwa zaidi ya nusu saa. Hakuzinduka.

"Ulimwita?" kaka yake alimuuliza jioni ile kwenye korido ya hospitali.

"Nilimwita mara tatu, kaka. Mara tatu alijibu."

"Aliyezimia hajibu, mdogo wangu."

Kaka alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kuamini kile ambacho mkono wake umekigusa. Hakumfokea. Afadhali angemfokea, maana ukifokewa una pa kujitetea. Mwaka mzima waliishi nyumba moja, jiko moja, wakiambiana "funga dirisha" na "maji yamechemka", basi. Mpiga pasi alianza kuyashuku masikio yake mwenyewe. Labda kweli hakuita. Labda aliita moyoni tu, mikono ikiwa kazini.

Marehemu alikuwa mkimbiaji. Kila kiangazi alishiriki mbio za kilomita kumi za mji ule, na medali zake tano zilining'inia jikoni kwenye msumari mmoja, juu ya masufuria. Mumewe naye kila mwaka alijitolea kugawa maji kwenye meza ya kilomita ya nane, ili mradi tu amkabidhi kikombe na kumtania, "Mama, harakisha, nyumbani kuna vyombo." Mwaka huu mpiga pasi alijiandikisha yeye. Hakuwa mkimbiaji. Magoti yake yalikuwa ya mtu anayesimama kutwa. Aliiweka namba ya mbio mezani, mbele ya kaka yake.

"Nitazikimbia mbio zake, mpaka mwisho," alisema. "Huenda ukiniona nimefika utaniamini jambo moja tu, kwamba sikumtupa."

Kaka aliinuka, akafunga dirisha lililokuwa limeshafungwa.

Siku ya mbio, saa tatu asubuhi, lami ilikuwa imeanza kulainika. Mpiga pasi alivaa kofia ya njano ya wifi yake. Pembeni yake alikimbia mkunja mashuka, kijana wa kazini kwao asiyejua kunyamaza.

"Dada, unakimbia au unasindikiza wenzako?"

"Tangulia, mdomo wako unanimalizia hewa."

"Nikifika niwaambie wafunge kamba mwishoni, wakuanike ukifika umelowa jasho?"

Alicheka, naye akacheka, na hicho kicheko ndicho kilichomfikisha kilomita ya tano. Kisha kijana akapotea mbele, na wengine wakapita wawili wawili, mpaka akabaki peke yake katika barabara nyeupe kwa jua, kati ya maghala yaliyofungwa. Hakuna mti. Hakuna mtu dirishani. Alisikia nyayo zake tu, na baada ya muda, nyayo nyingine, nyepesi, zikienda sambamba na zake. Aligeuka. Barabara ilikuwa tupu, ila hewa tu ikitetemeka juu ya lami.

Kilomita ya saba vinyweleo vilimsimama. Baridi tamu ilimpanda mikononi, ikamzunguka shingo kama kitambaa kibichi. Jasho lilikuwa limekatika. "Afadhali," aliwaza, "kaupepo." Yeye, ambaye alikuwa amewafundisha wapya wangapi kuikimbia baridi ya namna hiyo! Lakini mbele yake hapakuwa na pasi wala rola. Palikuwa na barabara tu, na mbele zaidi handaki la kupita chini ya reli, jeusi, mdomo wazi.

Aliingia. Ndani palinuka saruji yenye unyevu. Zile nyayo nyepesi ziliingia naye, zikasimama alipoegemea ukuta. Miguu ikamwisha. Alikaa chini taratibu, kama shuka linalodondoka kwenye kamba, na kofia ikamwangukia mapajani. Upande wa pili aliona duara la mwanga, akasikia sauti za vikombe vya plastiki. Meza ya maji ya kilomita ya nane. Hatua hamsini, hazifiki mia.

Ndipo ikaja sauti kutoka kwenye mwanga.

"Upo?"

Ilikuwa sauti ya kaka yake. Neno hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwake mwaka mzima. Mpiga pasi alitaka kujibu, akavuta pumzi, lakini ulimi ulikuwa mkavu kama taulo lililosahauliwa juani. Haukunyanyuka.

"Nipo!"

Jibu lilitoka kushotoni kwake, karibu na sikio. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, changamfu, kama anavyojibu kazini asubuhi. Midomo yake haikuwa imetikisika.

"Upo?" kaka aliita tena, safari hii kwa nguvu.

"Nipo!" ilisema, kama mtu anayeomba aachwe amalizie shughuli yake.

Hapo ndipo alipoelewa jinsi wifi yake alivyokufa. Alikuwa amelala juu ya mataulo akiyasikia yote, akiitwa na kuitikiwa, akimsikiliza mtu akimwitikia kwa sauti yake. Chozi halikutoka. Hapakuwa na maji ya kulitengeneza.

"Upo?"

"Nipo!"

Hakuita tena. Vikombe viliacha kugongana. Amerudi mezani, aliwaza mpiga pasi. Ameridhika. Kama mimi nilivyoridhika siku ile. Akafumba macho.

Kisha viatu vizito vikaja mbio juu ya saruji. Maji yalimwagika kichwani, shingoni, kwapani, na mikono ya fundi ikambeba juu juu.

"Usijibu," kaka alikuwa akisema huku anahema. "Usijibu kitu, mdogo wangu. Nimekugusa. Nimekugusa, upo."

Kwenye hema la huduma ya kwanza, dripu ikishuka tone kwa tone, kaka alikaa akiishikilia ile kofia ya njano kwa mikono miwili.

"Yule kijana wa mashuka aliniambia unakuja nyuma unatembea. Nikaona umechelewa, nikaita. Ukajibu. Mara ya pili ukajibu. Ya tatu ulipojibu nikakumbuka ulisema mara tatu." Aliigeuza kofia mikononi. "Nimekukuta ulimi umevimba, hata jina lako hungeweza kulitaja."

Mpiga pasi alitikisa kichwa: si mimi.

"Najua si wewe. Kwa hiyo ulimwita."

"Nilimwita," alisema, kwa sauti iliyokwaruza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Nisamehe, mdogo wangu."

Jua lilikuwa bado linachungulia waliporudi nyumbani. Kaka alimlaza chumbani, akaenda jikoni kubandika maji. Mpiga pasi alisikia masufuria, kisha medali zikigusana msumarini, kisha kaka yake akasahau, akaita kwa mazoea ya zamani:

"Upo?"

Hakujibu. Aliinuka, akiushika ukuta, akapita korido mpaka mlango wa jiko, akasimama mahali anapoonekana, akanyanyua mkono. Kaka alimtazama kutoka miguuni mpaka usoni, mwiko ukiwa hewani.

Wakabaki hivyo, wote wawili, wakisikiliza kama kule chumbani alikotoka kuna atakayeitika.