Hewa ya Mfuko wa Pili

Kaka yangu ni fundi cherehani, na maisha yake yote hajawahi kuajiriwa na mtu isipokuwa mara moja tu, pale walipoitaka pua yake.

Tunakaa nyuma ya kiwanda cha ngozi. Yeye na cherehani yake wako chumba cha mbele, mimi dada yake mkubwa niko chumba cha uani, na katikati kuna chumba cha binti yake, kilichofungwa tangu binti aolewe. Wateja wa upande wa pili wa mji wakija kupima nguo huongea huku wamebana pumzi, na wakishachukua mzigo wao hawangoji hata kuagwa. Kwa hiyo tulijua kwamba kiwanda kinanuka, kwa sababu tuliambiwa. Sisi wenyewe tulikuwa tumeacha kukisikia zamani, ila siku wanapofunua yale mashimo ya kulowekea ngozi na upepo ukatugeukia. Hapo hata mimi mwenye mafua yasiyokwisha nilikuwa nafunga dirisha.

Binti alipokuwa mjamzito alikuja kutuamkia, akatapika pale pale mlangoni. Hakurudi tena. Baba yake ndiye aliyekuwa akienda kwake kumwona mjukuu, akifika anaoga kwanza kabla hajambeba. Halafu mkwe akahamishiwa mji wa mbali, mwendo wa kutwa nzima barabarani, na binti akabaki njia panda. Kazi yake ya ualimu ilikuwa hapa, na yeye hakutaka kuiacha. Alimwambia baba yake waziwazi: "Baba, hiyo harufu ikiisha, mimi na mtoto tunahamia kwako. Isipoisha, namfuata mume wangu. Mtoto hawezi kukua na hewa ile."

Kesho yake kaka yangu akaanza kukipaka rangi chumba cha katikati. Harufu haijapungua hata chembe, yeye ana brashi mkononi. Ndivyo alivyo. Ukimwambia labda, yeye anasikia ndiyo.

Lakini safari hii alikuwa na sababu. Kiwanda kilikuwa kimeletewa mtambo mpya wa kusafisha hewa, mkubwa kama chumba, ukafungwa kwenye bomba linalotoa hewa ya mashimoni. Kampuni iliyouuza ilidai kwamba hewa ikishapita humo hainuki tena. Mtaa mzima ulicheka, maana ahadi za kiwanda tumezila mpaka tumevimbiwa. Ndipo ikaja ofisi ya uhakiki, ambayo si ya kiwanda wala ya muuzaji. Kazi yake ni kupima kama mtambo unafanya kweli kile kinachodaiwa, na usipofanya haupati cheti, na bila cheti kiwanda hakiruhusiwi kuutegemea.

Mkuu wao alikuwa mama mmoja mpole wa miwani, ambaye hakukubali hata maji ya kunywa ya kiwandani asije akasemwa. Alituita kwenye ukumbi wa shule akatueleza kwamba mashine za kupima gesi zipo, ila hakuna mashine inayojua kinachomkera mtu. Kwa hiyo hupimwa kwa pua za watu. "Na mimi sitaki pua za kukodi kutoka mbali," akasema. "Waamue wenyewe wanaoumia." Tulimpigia makofi, mimi nikiwa wa kwanza, mpaka viganja vikaniwaka. Tangu nizaliwe nilikuwa sijamwona mkubwa anayetaka kusikia neno letu.

Walipima pua kwanza. Mtu analetewa vichupa vyenye harufu hafifu, asipovitambua anarudi nyumbani. Mimi walinirudisha hata sijaketi vizuri, kwa ajili ya mafua. Kaka yangu alivitambua vyote, hata kile ambacho wenzake waliapa ni maji matupu. Akachaguliwa yeye na majirani kadhaa, na kuanzia siku hiyo mtaani akawa Bwana Pua. Watoto walimwita hivyo, naye akaitika bila kinyongo. Jioni aliwaambia waliokuja kushonewa nini kimepikwa kwao, na mara nyingi alipatia.

Siku ya kipimo walikatazwa chai na mafuta ya kunukia. Wakaingizwa katika chumba cheupe kisicho na kitu, mmoja mmoja, kila mtu na kikombe chake cha kioo cha kuwekea pua. Hewa iliyokusanywa kiwandani katika mifuko ilipitishwa humo kidogo kidogo, ikiongezwa nguvu polepole, na mtu akisikia harufu anabonyeza kitufe. Hawakuambiwa mfuko upi ni upi. Wa kwanza ulikuwa hewa ya mashimoni kabla ya kupita mtamboni, na kaka yangu anasema machozi yalimtoka. Wa pili ulikuwa hewa iliyokwisha kusafishwa. Alinusa, akanusa tena, akangoja. Hewa ikaongezwa mpaka mwisho. Hakubonyeza. Wenzake nao hivyo hivyo.

"Dada, imekwisha," aliniambia aliporudi, na akakaa kitandani kwangu akalia kama mtoto. Mimi nami nililia. Cheti kilipotoka na mtambo ukaanza kunguruma mchana na usiku, akampigia binti simu.

"Baba, una hakika?"

"Mwanangu, nimeinusa mwenyewe, kwa pua iliyopimwa."

Akamshonea mjukuu gauni la njano lenye mifuko miwili mbele, kwa kuwa yule mtoto hupenda kuficha vitu. Lilikuwa gauni zuri kuliko yote niliyomwona akishona, na mimi si mtu wa kumsifu.

Walikuja mchana, binti na mkoba, mtoto akitembea mwenyewe. Walipofika kizingitini mtoto akasimama. "Mama, kunanuka," akasema, akajifunika uso kwa sketi ya mama yake. Binti aliingia, akatuamkia kwa heshima zote, akaketi, na nilimwona anavuta pumzi kwa mdomo.

"Baba, huo mtambo umewashwa?"

"Si unausikia unavyonguruma? Labda leo una hitilafu." Akatoka mbio mpaka getini kwa mlinzi, akarudi polepole. Mtambo haukuwa na hitilafu yoyote.

"Imepungua kidogo," binti akasema, akitafuta neno la kumpoza. "Lakini ni ileile, Baba. Ni ileile iliyonitapisha." Kisha akatutazama sote wawili. "Kweli hamuisikii? Shangazi, hata wewe?"

Nilivuta hewa mpaka kizunguzungu kikanishika. Nilisikia rangi mpya ya chumbani, basi. Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni, pua juu, ananusa kushoto na kulia, na uso wake sitausahau. Nadhani ndipo alipoelewa. Mtambo ulikuwa umeipunguza harufu ya mashimoni mpaka ikafanana na hewa ya mtaani kwetu, na hewa ya mtaani kwetu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaisikia. Mfuko wa pili ulikuwa na harufu ya nyumbani, ndiyo maana hakuna aliyebonyeza.

Binti alilichukua gauni, akambusu baba yake, akaondoka kabla chai haijachemka.

Tulikwenda wote wawili kwa yule mama wa miwani. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, na sina shaka aliumia. Akasema cheti kimeshatoka kwa kufuata kanuni zote. Kufungua upya kipimo kunawezekana, ila lazima mkazi wa pale alalamike kwamba anasikia harufu.

"Binti yangu ameisikia," kaka yangu akasema.

"Anaishi pale, mzee?"

"Angeishi, kama isingekuwepo."

"Kanuni inataka mkazi. Wewe mwenyewe unaisikia?"

Nilimfinya chini ya meza. Neno moja tu lilihitajika. "Siisikii," akajibu.

Nikadakia mimi kwamba naisikia, inaniua, silali. Yule mama akanitazama kwa huruma. "Mama, wewe pua yako tuliikataa," akasema.

Njia nzima nilimfokea. Nikamwambia kwamba ukweli wake huo ndio utakaomzika peke yake. Tulipofika mlangoni akanigeukia. "Walinichukua kwa sababu sidanganyi, Dada," akasema. "Ningeanzia wapi?"

Walipohama kumfuata mume, binti alipiga simu siku ya pili baada ya kufika. Alimshukuru kwa gauni. "Nimelianika nje, Baba. Likishapigwa na hewa nitamvalisha." Alisema kwa upole, bila kejeli yoyote, na kaka yangu akajibu kwamba hilo ni jambo jema. Chumba cha katikati kikafungwa tena. Wateja wanaendelea kuja wakibana pumzi, cheti kimetundikwa getini pa kiwanda, na watoto bado wanamwita Bwana Pua.

Ilipokaribia sikukuu ya kuzaliwa ya mjukuu nilimkuta ameketi mbele ya cherehani, kitambaa kipya mapajani, hakati wala hapimi. Baadaye alivaa shati safi akavuka mji mpaka kwenye duka la nguo za watoto. Nilimfuata, maana nilihofia afya yake. Fundi aliyeshona nguo za nusu ya mji alichagua gauni lililoshonwa na mashine ya mbali, mshono wa begani umekaa upande, nami najua aliuona. Akalilipia. Muuza duka alipomnyooshea mfuko, kaka yangu aliificha mikono yake nyuma. Akamsomea anwani ya binti, akamwomba alitume moja kwa moja kutoka pale, lisipitie kwetu.