Mpima Mimba na Chumba cha Maji

Hakuwahi kumpaka mjamzito jeli bila kwanza kuibana chupa kwapani, ipate joto. "Mwenye nyumba akishtuka, na mpangaji hushtuka," mpima mimba alisema, akacheka peke yake. Alikuwa mama wa makamo, mikono imekauka kwa kunawa, kidole gumba kimepinda kwa kushika kifaa cha kupimia tumboni miaka nenda miaka rudi. Akaanza kupima, macho kwenye kioo cha mashine. Mjamzito, aliyeletwa kwa kuwa kliniki ilishuku maji kichwani mwa mtoto, alibaki kuzisikiliza pumzi zake mwenyewe. Kisha kwenye kioo kikatokea kichwa kisichozidi ndimu, na ndani yake ubongo, nusu mbili zimelala ubavu kwa ubavu. Mjamzito akasahau hofu. Hapo ndipo mtoto angekuja kuijua sauti ya mama yake, na mpima, mtu baki, alikuwa anapaona tangu sasa. Mpima akavuta mstari kwenye chumba cha maji, uwazi ule wa katikati ya ubongo unaoshika maji yake, akaufuta, akavuta tena, mara tatu, maana hakuandika kamwe kipimo alichokiona mara moja tu.

"Niambie tu, mama," mjamzito akasema.

"Milimita kumi na mbili. Haitakiwi ifike kumi. Chumba cha maji kimepanuka kidogo, mwanangu. Kwingine sijaona kasoro. Daktari atakuona leo leo."

Mjamzito akanyoosha mkono kuchukua kitambaa ajifute. Mpima akamzuia, akamgeuzia kioo.

"Lala kwanza. Ya kichwa atakueleza daktari. Mimi sikuachi utoke hapa hujamwona mtoto anavyopiga miayo."