Yes ya Verediane

Pale Petite Barrière, kwenye kivuko cha mpakani, Verediane aliuza karoti kwa Kiswahili, akapatana bei kwa Kinyarwanda, na kuringa akaringa kwa Kiingereza. Kiingereza chenyewe kilikuwa maneno yasiyofika ishirini, yote mafupi: yes, no, come, go, eat. Alifundishwa na jirani aliyerudi kutoka Uganda, naye akawafundisha wachuuzi wenzake, nao wakambandika jina la Madame Yes. Alilipenda, na simlaumu. Mtu aliyeachia shule darasa la tatu naye ana haki ya kujivunia kitu.

Binti yake Connie, mwenye miaka sita, alikuwa na uvimbe shingoni uliokuwa ukimbana pumzi. Mwaka juzi madaktari wa kigeni walikuja hospitalini kwa siku tatu tu, na Connie akapangiwa kupasuliwa siku ya mwisho. Sharti lilikuwa asile wala asinywe kitu tangu jioni. Mtoto alilia njaa mpaka sauti ikamkauka. Verediane alilia pamoja naye, lakini hakumpa hata tone la maji.

Asubuhi muuguzi Valentin alikuja kuwatafsiria. Verediane alimzuia.

"Bon, acha tu, kaka. Mi niko najua Kiingereza."

Valentin alikuwa na wagonjwa wengine kumi, akaenda zake.

Daktari alisoma karatasi, akauliza: "She has not eaten?"

Hajala? Verediane alielewa vizuri kabisa. Akajibu kama mama yake alivyojibu maisha yote, kama wewe na mimi tungejibu: ndiyo, hajala. "Yes," akasema, tena kwa fahari. Kwa yule daktari, yes hiyo ilimaanisha amekula. Akaandika, akapita.

Wakasubiri. Waliitwa wa kabla yao, wakaitwa hata wa baada yao. Saa tisa alasiri Valentin aliwakuta bado wako kwenye benchi, akatazama karatasi.

"Mama, hapa waliandika mutoto alikula. Ulisema nini?"

Alipoelezwa, alitoka mbio. Vifaa vilishafungwa na madaktari walishapanda gari. Wangerudi baada ya mwaka. Verediane alimnunulia Connie mkate, na mtoto akala kwa furaha, kwa kuwa hakuchomwa sindano.

Uvimbe haukusubiri mwaka. Connie alifariki mwezi wa saba. Mama yake hakumlaumu mtu ila nafsi yake, na hilo linanikera mpaka leo, maana alichosema kilikuwa kweli tupu.

Mwaka uliofuata simu yake iliita akiwa sokoni. Aliyepiga alikuwa mwanamke mmoja wa timu ya wale madaktari, akihakiki orodha yake. Hakutafuta mkalimani, kwani kwenye faili waliandika kwamba mama huyu anajua Kiingereza. Akauliza polepole: "Connie is not coming?"

Haji? Verediane alikaa juu ya gunia la karoti. Sasa alijua jinsi wenyewe wanavyojibu.

"No," akasema. Yule mwanamke akamshukuru, akakata simu.