Simu Kumi na Mbili na Kidonge cha Shangazi

Ofisini wananiita Macho, eti hakuna kasoro inayonipita. Walionipa jina hilo waliwahi mno. Kazi yangu ni kujaribu programu za simu kabla hazijafika kwa watu. Mezani kwangu zimelala simu kumi na mbili, hii imepasuka kioo, ile betri imevimba, zote nimezibandika namba kwa plasta.

Programu yetu humpigia mgonjwa kengele saa ya kumeza dawa ikifika. Shangazi yangu, ninayeishi naye, anaitumia kwa dawa yake ya presha. Ni msahaulifu, ila ole wako umwambie.

Mwezi uliopita fundi wetu, tunayemwita Kimya kwa uchache wa maneno yake, alibadilisha mfumo wa kuunda programu, yaani ule unaokusanya kazi yetu sote na kuitoa kama faili moja la kuweka kwenye simu. Kikaoni akasema, "Kuanzia leo faili linatokea folda nyingine." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kumbe nilikuwa nachagua viatu mtandaoni, chini ya meza.

Sasa, mimi nina amri niliyojitungia kwenye kompyuta, najivunia kama mwanangu wa kwanza. Nikiibonyeza, inachukua faili na kuliweka kwenye simu zote kumi na mbili kwa mkupuo. Nikaibonyeza. Siku nne nikajaribu, kengele zikilia kwa pamoja hadi mhasibu wa chumba cha pili akaja kufoka. Nikaandika ripoti kwa mbwembwe: "Mfumo mpya hauna tofauti hata chembe na ule wa zamani." Bosi akanipongeza mbele ya watu.

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya programu mpya kutumwa kwa watu wote, nikataka kujionyesha nyumbani. Nikapakua programu mpya kutoka kwenye kiungo alichotutumia Kimya, nikaiweka kwenye simu ya shangazi awe wa kwanza.

"Ukisikia kengele ndipo umeze," nikamwambia. "Usihangaike na saa."

Jioni nikamkuta kwenye kochi, kiganja kwenye paji la uso. Kidonge cha saa saba mchana kilikuwa bado kwenye kifuniko cha chupa.

"Shangazi, hukumeza?"

"Kengele haijalia."

"Lakini sasa ni saa kumi na mbili!"

"Si ulisema nisihangaike na saa?"

Nilimpa maji, akameza. Badala ya kunyamaza nikatafuta wa kumtwika lawama. "Simu yako imechoka, shangazi."

"Jana ililia. Umeigusa wewe, ikanyamaza. Nani kachoka hapo?"

Nikachomoa mkobani simu namba tano, nikatazama tarehe ya programu iliyomo. Lo! Ya kabla mfumo haujabadilishwa. Amri yangu ilikuwa inachota faili la zamani kwenye folda ya zamani, ambayo haikuguswa tena na mtu. Siku nne nilijaribu kitu ambacho watu wanacho tayari, nikakipasisha kwa kishindo. Programu mpya sikuwahi kuijaribu hata dakika moja. Nikamtazama shangazi, nikaogopa kweli.

Nikampigia Kimya asitishe kuituma kesho.

"Nilisema kikaoni," akajibu.

"Najua, kaka. Sitisha tu."

Mficha uchi hazai. Asubuhi nikasimama nikakiri yote, viatu vikiwemo. Wenzangu walicheka hadi machozi. Bosi hakucheka. "Watu elfu nne wangekosa dawa," akasema. Kimya akaona chanzo: mfumo mpya hupunguza uzito wa programu kwa kuondoa vipande unavyodhani havitumiki, na kipande cha kuamsha kengele kilikuwa miongoni mwa vilivyoondolewa. Simu moja tu yenye programu mpya ingetosha kunionyesha.

Jumatatu nikaweka toleo lililorekebishwa kwenye simu ya shangazi, na mchana nikaomba ruhusa nirudi nyumbani kusubiri. Saa saba kamili kengele ikalia. Nikapiga makofi peke yangu.

"Umesikia, shangazi? Meza sasa!"

"Nimeshameza," akasema, bila kuinua uso kutoka kwenye ufumaji wake. "Nilitazama saa."

"Na kengele je?"

"Iache ilie, mwanangu. Naona inakufurahisha."