Sauti ya Katibu

Nilikuwa fundi wa vyombo vya sauti wa ligi ya vijana ya chama katika wadi yetu, karibu na Kapsoit. Chama chetu ndicho kilichokuwa serikalini, na sisi vijana tulikuwa tumepewa chumba juu ya duka la dawa za mifugo, viti vya plastiki na pikapu kuukuu yenye spika mbili juu ya paa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha spika zinalia. Kazi ya kusema ilikuwa ya Katibu.

Hivyo ndivyo tulivyomwita sote, na baadaye hata mamake akazoea kumwita hivyo. Alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba kubwa la majani chai, upande wa chini wa barabara, ambako mamake alikuwa mchumaji. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa kabla yeye hajazaliwa. Ndani ya nyumba walizungumza Kijaluo, lakini nje alicheza na watoto waliozungumza Kikipsigis, na alikijua kuliko mimi niliyelelewa na bibi asiyejua lugha nyingine. Wazee walipomsikia walimuuliza ni binti wa kwa nani. Alikuwa akicheka tu na kuwaambia ni wa kambini.

Asubuhi tulianzia kwenye vituo vya kuuzia majani, pale wakulima wanapongoja lori huku magunia yao yamepangwa sakafuni. Niliweka spika ndogo juu ya ukuta, naye akaanza bila kupaza sauti. Hakuahidi barabara wala stima. Aliuliza ni nani ana kijana nyumbani na cheti chake kimekaa kabatini. Kina mama waliinua mikono. Basi akawaambia kwamba hao ndio tunaowataka, Jumamosi, juu ya duka la dawa za mifugo, waje wajisemee. Nao walikuja. Wengine walifuata fulana na kofia, sitaki kudanganya, lakini waliendelea kuja hata fulana zilipokwisha, na wakabishana kuhusu mashine za kuchuma majani zilizokuwa zikiwaondoa mama zao kazini, mpaka mwenye duka akapanda ngazi kutuomba tupunguze kelele.

Alikuwa na namna ya kukata sentensi katikati, akavuta pumzi, kisha akaendelea. Watu waliinamisha vichwa kidogo wakingoja. Nilidhani ni ufundi wa kuhutubia, na siku moja nikamsifu kwa hilo. Tulikuwa ndani ya pikapu, mvua ya baridi inanyesha, naye amekumbatia magoti yake.

"Si ufundi," aliniambia. "Ni damu. Nilizaliwa na selimundu. Nikipigwa na baridi, mwili unauma na pumzi inakuwa fupi. Usimwambie mwenyekiti, atanikalisha ofisini."

Mwenyekiti wa tawi alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole, aliyemwita kila kijana binti yangu au kijana wangu. Ulipofika wakati wa vijana kuchagua viongozi wao, Katibu aligombea kiti cha kuongoza ligi. Tulipiga kura kwa mlolongo katika uwanja wa shule. Mlolongo wake ulizunguka madarasa ukaenda mpaka vyooni, na wa mpinzani wake ulikuwa mfupi hata mtu hakuhitaji kuhesabu. Mwenyekiti akamwita kando. Nilikuwa karibu nao nikikunja nyaya, na nikasikia.

"Binti yangu, sauti yako tunaipenda," alimwambia. "Lakini jina lako tukiliandika juu ya karatasi, watu wa huku watasoma kitu kingine."

Alasiri ile ilitangazwa kwamba viongozi wameafikiana. Kiti kilikwenda kwa kijana yule mwingine, na Katibu akashukuriwa kwa bidii yake na kuombwa abaki katika nafasi yake. Vijana walinung'unika, kisha soda zikaletwa. Nilimuuliza kwa nini asiondoke, nikamwambia mimi niko tayari kuondoka naye.

"Nikitoka leo watasema walijua singekaa," alinijibu. "Funga waya, tuende."

Muda si mrefu baada ya hapo tulirekodi tangazo la uchaguzi mkuu. Tuliziba madirisha kwa blanketi ili malori ya barabarani yasisikike. Alianza na Chamgei, salamu ya Kikipsigis, akaingia kwenye Kiswahili, akarudi Kikipsigis na kumaliza na Kongoi mising, asanteni sana. Katikati, kabla ya jina la mgombea, pumzi yake inasikika wazi kabisa. Ningeweza kuikata kwa kompyuta. Alisema niiache, maana bila hiyo hata mamake hatamjua.

Wiki za mwisho za kampeni tuliombwa kusaidia upande wa Bomet. Mvua haikukatika. Alisimama nyuma ya pikapu kutoka soko moja hadi lingine, koti limelowa, na jioni moja akashindwa kushuka. Tulimpeleka hospitali ya Longisa. Wauguzi walimpokea vizuri, wakampa maji ya mshipa na dawa za maumivu, na asubuhi alikuwa akiongea. Alinituma niende na gari, watu wasikae bure wakitungoja. Niliondoka. Nilikuwa sokoni, sauti yake inatangaza juu ya paa, wakati simu ilipolia na kijana tuliyemwacha hospitalini amwuguze akaniambia Katibu amekufa.

Nakumbuka nilikaa na ile simu sikioni huku yeye anaendelea juu ya kichwa changu. Aliwasalimu watu. Aliwauliza kama wana vijana nyumbani. Nilinyoosha mkono nikazima. Soko likatulia kidogo, na mwanamke aliyekuwa akiuza viazi akanisogelea dirishani kuniuliza spika imeharibika nini.

Tulimzika upande wa ziwa, nyumbani kwa babake. Chama kilituma wajumbe wenye kofia, na mwenyekiti alizungumza vizuri, akalia kweli. Tuliporudi aliniambia gari litoke kesho yake. Nilimuuliza ni nani atakayesema. Akashangaa, akasema si tangazo lipo. Nilipinga. Walinipa msichana mwingine, tukamrekodi, tukazunguka naye, na kila kituo watu walituuliza yule wa kwanza yuko wapi. Mwisho mwenyekiti aliamua, na nikaambiwa nirudishe garini ile memori kadi yenye tangazo la Katibu.

Sikuweza kuifanya kazi hiyo kabla ya kumwona mamake. Alikuwa amesharudi kambini, kwa sababu siku za ruhusa zilikuwa zimekwisha. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba, buti zake za mpira zimeanikwa juani. Nilimweleza yote, nikamwambia kwamba akisema hapana, mimi nitaivunja ile kadi na wanifukuze.

Aliniuliza kama gari hupita barabara ya chini, ile inayopakana na shamba.

"Tunaweza kupita," nilimwambia.

"Basi mwache apite," alisema. "Nikiwa kwenye majani nimsikie."

Kwa hiyo nilimpitisha. Kila asubuhi nilishuka ile barabara polepole, ukungu haujaondoka, na juu ya mteremko niliwaona wachumaji wakisimama, vikapu mgongoni, mikono imetulia juu ya majani. Sikujua ni yupi mamake, kwa kuwa wote walikuwa wamevaa aproni za njano. Watoto walikimbia nyuma ya gari wakimpungia. Ajuza mmoja wa Kapsoit alinisimamisha akaniomba nimsalimie yule msichana, nimwambie amekuwa akimsikia. Nilimwambia nitamsalimia. Kuna wakati, nikiwa peke yangu ndani ya ile kebini, niliacha kumhesabu kama marehemu. Alikuwa tu juu, kama siku zote, na mimi chini na nyaya zangu.

Tulishinda. Kesho yake spika zilishushwa, na ule ukimya wa mashambani ulinitisha kuliko msiba wenyewe. Niliacha ligi bila kumwandikia mtu barua. Nilifungua kibanda cha kutengeneza simu na redio mjini Kericho, na mle ndani sikutaka siasa. Hata ule mwaka vijana wenzetu walipoingia barabarani kupinga serikali na wateja wangu wakagombana mbele ya meza yangu, mimi niliinamia kazi.

Halafu ukaja uchaguzi mdogo. Nilikuwa nikibadilisha kioo cha simu, adhuhuri, barabara imejaa watu, nikasikia Chamgei. Mikono yangu ilitambua kabla yangu, maana bisibisi ilianguka. Sauti ilikuwa yake. Ilisalimu, ikauliza nani ana kijana nyumbani, kisha ikataja jina la mgombea, na mgombea huyo alikuwa mtu aliyeingia siasa baada ya Katibu kuzikwa. Katibu hakuwahi kumjua. Hakuwahi kulitamka jina lile maishani mwake.

Nilitoka mbio nikalishika lile gari la matangazo mlangoni. Ndani walikuwa vijana wawili wenye kofia mpya, wenye adabu, ambao hawakunijua. Niliwauliza wameitoa wapi sauti hiyo. Mmoja alinieleza kwa fahari kwamba kuna programu ya kompyuta, unaipa tangazo la zamani, halafu unaiandikia unachotaka nayo inasema.

"Mwenyewe mnamjua?" niliwauliza.

"Tuliambiwa ni sauti ya chama," alijibu.

Nilifunga kibanda nikaenda kambini kumwonya mamake. Nilichelewa. Gari lilikuwa limepita barabara ya chini asubuhi ileile. Nyumba nyingi za kambi zilikuwa zimefungwa, kwani mashine zilikuwa zimechukua kazi ya wengi, lakini yeye alikuwa miongoni mwa wachache waliobakizwa. Nilimkuta amesimama mlangoni na aproni yake, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

"Umemsikia?" nilimuuliza.

"Nimesikia kitu," alisema. "Hakipumui."

Siku iliyofuata tulikwenda pamoja kwa mwenyekiti. Alikuwa amezeeka, na alinyanyuka kumpa mama mkono. Alimwomba aketi, akaagiza chai. Mama hakuketi. Mwenyekiti akaanza kueleza kwamba walifanya hivyo kwa heshima, kwamba msichana alikuwa nguzo ya chama na hawakutaka asahaulike. Mama alimngoja mpaka akamaliza. Alizungumza Kiswahili chake cha kambini, polepole, akimtazama.

"Mwalimu, mimi mtoto wangu nilimzika. Huyu wenu mmemtengeneza wenyewe, mumzike wenyewe."

Mwenyekiti aliitazama meza. Chai ilikuja na hakuna aliyeigusa. Mwishowe alichukua simu, akawapigia vijana wale mbele yetu, akawaamuru wazime na wafute. Naamini walifuta. Kampeni iliisha bila mtu yeyote kuniambia ameisikia tena, na mimi nilikuwa nikiwauliza wateja wote wanaotoka Bomet na Ainamoi, hata wale waliokuja kununua chaja tu.

Tulipotoka ofisini nilidhani tumemaliza. Tulikaa kwenye benchi karibu na steji ya matatu, na mama akatoa mfukoni simu ndogo iliyofungwa kwa raba. Ilikuwa ya Katibu. Alikuwa akiichaji miaka yote na kuiwekea salio ili laini isifungwe. Alinipa nisome. Meseji zilikuwa nyingi, zote za chama, zikimwita mwanachama mpendwa, zikimtakia heri ya sikukuu na kumwalika kwenye mikutano. Ya mwisho ilisema ligi ya vijana inakutana Jumamosi, Kapsoit, na kila kiongozi ahudhurie bila kukosa.

Nilimwambia naweza kuizuia namba hiyo, ni kazi ya dakika moja. Alinipokonya simu kwa upole.

"Ameitwa na hawezi kwenda," alisema. "Mtu akikosa mkutano bila kuaga ni utovu wa adabu. Nitakwenda kumwombea radhi."

Jumamosi nilimsindikiza. Chumba kilikuwa kilekile, juu ya duka la dawa za mifugo, ila viti vilikuwa vipya na vijana wote walikuwa wageni kwangu. Walimpisha mama mzee kiti cha mbele, wakidhani ni mkulima aliyekuja na malalamiko. Walipofika kwenye ajenda ya walioomba radhi kwa kutofika, alinyoosha mkono. Akasimama akataja jina kamili la binti yake, lile ambalo halikuandikwa juu ya karatasi, na akasema hataweza kufika.

Kijana aliyekuwa akiandika kumbukumbu alimwomba alirudie jina, ili aliandike sawasawa. Mama akalirudia, herufi kwa herufi. Kijana akaandika, akamshukuru, akauliza kama kuna mwingine.

Jumatatu asubuhi mama alinipigia simu kuniambia kwamba meseji nyingine imeingia kwenye simu ya binti yake, wamemwita tena.