Wembamba wa Ukoo

Mukamusoni aligoma kumwamkia Daktari Byabato mwaka 1985, na kijiji kizima cha Mabira kilijua. Wenzake wakiingia zahanati ni shikamoo daktari, shikamoo daktari. Yeye anatazama dari kama vile kuna popo.

Chanzo kilikuwa binti yake, Nyirabageni. Mtoto alikonda mpaka mbavu zikatoka nje, mama akambeba kliniki. Pale kila mtoto anavishwa kisuruali cha mizani, ananing'inizwa kwenye boriti, analia weee, uzito unasomwa. Ila Byabato alikuwa na sheria yake: watoto wa Wanyarwanda hawapimwi, anawatazama kwa jicho tu.

"Nyie wembamba wenu ni wa ukoo," alimwambia. "Ng'ombe wenu pembe ndefu, watoto wenu kama fito. Mpe maziwa. Anayefuata."

Nyirabageni alifariki kabla maharage hayajavunwa.

Majirani wakaacha kumwita Mama Nyirabageni, kwa huruma, wasimtoneshe. Akawakatalia katakata. "Niiteni hivyohivyo. Na yule daktari atayameza maneno yake, mimi nikiwa nimekaa namwangalia."

Basi, miaka miwili ikapita. Siku moja Mukamusoni kampeleka mdogo wa Nyirabageni, Theoneste, kuchomwa sindano. Kwenye benchi kakaa na msichana mgeni, zamu yake inapita hainuki, kapakata mtoto mkavu kama jani la mgomba la kiangazi.

"Dada, mbona huingii?"

"Naogopa. Huyo daktari ni baba yangu." Aliitwa Jovitha, kaolewa Nyaishozi. "Tangu nimfuate mume wangu Mnyarwanda, baba hataki kuniona. Huyu mjukuu wake hamjui hata sura."

Mukamusoni akamtazama mtoto, akautazama mlango wa daktari. Sauti ilimtoka laini kama uji.

"Nipe nimwingize mimi. Wewe nishikie wangu, usimame hapo mlangoni asikuone."

Akaingia anambembeleza mtoto kwa Kinyarwanda, tena kwa sauti. Byabato akainua jicho moja.

"Wewe tena."

"Mimi tena. Mtoto kakonda huyu. Mpime."

"Si nilishakwambia? Ukoo wenu ndivyo ulivyo. Mpe maziwa. Anayefuata."

"Hata mizani humpandishi?"

"Ya nini? Mnyarwanda unamjua kwa macho."

"Rudia, daktari. Wa benchi la nyuma hawajasikia."

Na yeye, kwa hasira, akarudia, kwa sauti ya kuita ng'ombe. Benchi lote likasikia.

Mukamusoni akageukia mlangoni. "Jovitha, njoo umchukue mwanao. Babu yake anasema ni ukoo."

Kalamu ilimtoka Byabato mkononi. Akamtazama binti yake, akamtazama mtoto, akarudi kwa binti. Akakichukua kisuruali mwenyewe, akamvisha kinyumenyume, akamvua, akamvisha tena. Alipomning'iniza, mshale ulisogea kidogo tu ukagoma.

"Anakwenda hospitali kubwa sasa hivi," alisema. "Nitambeba mimi." Halafu, bila kumtazama: "Mama Nyirabageni, nisamehe."

"Kumbe jina unalijua." Mukamusoni akampokea Theoneste kwa Jovitha. "Wangu alikuwa hivihivi, daktari. Hivihivi kabisa. Sikusamehi. Nenda kamtibishe mjukuu, ukirudi kuna hawa wote hapa hujawapima."

Mtoto alipona, akanenepa, akawa mtukutu balaa. Mukamusoni alifurahi kwa ajili ya mtoto. Kwa babu yake, hapana.

Kila siku ya kliniki alikuja, hata Theoneste alipokuwa mkubwa wa kuchunga mbuzi. Anakaa benchi la mbele, anasuka mkeka wake, haondoki mpaka mtoto wa mwisho wa Kinyarwanda ashuke kwenye boriti. Byabato alizeeka mbele ya macho yale. Ikafika mahali yeye, mtu mzima, ndiye anaanza salamu:

"Umeamkaje, Mama Nyirabageni?"

Mukamusoni hainui uso kutoka kwenye mkeka.

"Pima."